Malalamiko Dhidi ya Daktari Asiyefoka

Dispensari ya Serikali, nyuma ya Soko,
Kariakoo, Dar es Salaam.
Julai, 1956.

Kwa Bwana Mganga Mkuu.

Mheshimiwa Bwana,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, kwa maana yaliyomo humu si ya kusomwa na mtu aliyesimama. Mimi ni mzima, ingawa uzima wenyewe ni sehemu ya malalamiko yangu, kama utakavyoona huko mbele.

Jina langu ni Tarsis Kimario, mzaliwa wa Kibosho, dresa wa vidonda katika dispensari yako ndogo iliyo nyuma ya soko. Hapa tupo watumishi watatu chini ya msimamizi mmoja. Mimi nasafisha na kufunga vidonda. Dada Agnesi ni nesi wa akina mama na watoto. Mzee Awadhi anafagia, analinda lango na kuchemsha sindano, na wakati mwingine hufanya yote matatu kwa pamoja.

Nimeshika kalamu kumshitaki msimamizi wetu mpya, Daktari Indravadan, uliyetuletea baada ya Bwana Ignasi kupandishwa cheo na kupelekwa bara. Shitaka langu ni moja, nalo ni zito. Bwana huyu hafoki.

Ili usinione mtu wa fitina, naomba kwanza nieleze tulivyokuwa tukiishi zamani. Bwana Ignasi alikuwa kiongozi. Sauti yake ilifika kazini kabla yake. Yeye akiwa bado Mtaa wa Mkunguni, sisi tulikuwa tumekwisha kuogopa. Alitufokea asubuhi ili tuamke, mchana ili tusilale, na jioni alitufokea tena kwa akiba ya kesho. Mimi aliniita "Wewe!" Dada Agnesi aliitwa "Na wewe!" Mzee Awadhi, ambaye kwa umri angeweza kumzaa, aliitwa kwa kupigiwa makofi. Tulizoea. Mtu akifokewa anajua kwamba amefika kazini.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Ufunguo wa kabati la dawa ulining'inia kiunoni mwake, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa kitu bila amri yake, wala kumwambia mgonjwa neno zaidi ya "Kaa!" na "Inuka!" Akienda kunywa kahawa, sisi tulisubiri, wagonjwa walisubiri, na magonjwa nayo tuliamini kwamba yanasubiri. Tukisikia sauti inarudi, kila mmoja alikamata kitu. Mimi nilikuwa na themometa yangu, niliyoikung'uta mpaka apite. Themometa ile haikuwahi kuingia kinywani mwa mtu, lakini sidhani kama Tanganyika nzima ipo nyingine iliyokung'utwa kama ile. Kazi yetu ilikuwa kuonekana tunafanya kazi, na Mungu ni shahidi, tulionekana vizuri sana.

Hiyo ndiyo amani aliyokuja kutuharibia Daktari Indravadan. Sasa naomba nitaje makosa yake moja moja.

1. Anaamkia watu.

Siku ya kwanza aliegemeza baiskeli yake ukutani, akamwendea Mzee Awadhi aliyekuwa na ufagio, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, mzee."

Bwana, Mzee Awadhi aligeuka nyuma kumtafuta huyo mzee anayeamkiwa. Alipoona nyuma yake pana ukuta mtupu, akaketi chini pale pale na ufagio wake, akaitikia "Marahaba" kama mtu anayeota. Tangu siku ile anafagia ndani, anafagia nje, anavuka lango, anafagia mpaka mbele ya duka la jirani. Nimemwuliza kwa nini anafagia mahali ambapo si petu. Akaniambia, "Mwanangu, mtu ameshuka kwenye baiskeli akanipa shikamoo. Nitamwachiaje taka njiani?"

Mimi nami akaniita Bwana Tarsis, akaniuliza nimeamkaje. Kwa kutojua hatari iliyo mbele yangu, nikamwambia kweli kwamba sikulala, kwa sababu chumbani kwangu Mtaa wa Sikukuu kuna panya. Kesho yake akaniletea mtego kutoka kwake Upanga. Kesho kutwa akaniuliza, "Panya ameonekana?" Sasa fikiri, Bwana. Mtu ambaye mkuu wake anamjua hata panya wake atachelewaje kazini? Atatoa udhuru gani? Zamani nilikuwa nikimfisha shangazi yangu, naye alikufa mara nyingi bila kulalamika. Sasa nikisema kuna msiba, Daktari atakuja matangani. Kwa Mzee Awadhi alikwisha kwenda, alipofiwa na dada yake. Alikwenda na mkewe, Bibi Sarla, wakaketi mkekani kama watu wengine mpaka maiti ikatoka.

2. Anauliza maswali ambayo majibu yake hayajui.

Msimamizi wa kweli huuliza jambo analolijua, ili wewe ukosee. Huyu aliniita ofisini akasema, "Bwana Tarsis, wewe unaonaje?"

Nikatazama dirishani. Nikasema, "Naona nini, Bwana?"

"Kazi yetu hapa. Kuna jambo ungependa tulibadilishe?"

Nikamwambia naona sawa tu, nikatoka, kichwa kikaniuma siku nzima. Dada Agnesi yeye hakuumwa kichwa. Kumbe miaka yote alikuwa akiyaweka maoni yake tumboni, na siku ile yalitoka yote. Alitaka watoto wachanga waonwe kwanza. Alitaka mtungi wa maji ya kunywa. Alitaka benchi la wagonjwa litolewe juani na kuwekwa kivulini. Nikangoja apigwe na radi. Daktari akasema, "Vyema, Dada Agnesi. Tufanye," akavua koti, akashika benchi upande mmoja, akanitazama mimi nishike upande wa pili.

Madhara yake ni haya. Yupo bwana mmoja muuza vyungu, fundi mkubwa wa kuzimia. Zamani, mtu akizimia kwa jua alipitishwa mbele ya wote, na bwana huyu alizimia kila alipokuja, kwa ustadi: anavua kofia kwanza, anachagua mahali pasipo na mawe, ndipo anaanguka. Sasa kivulini hakuna anayezimia. Alipojaribu juzi, jirani yake alimpepea tu, akampa maji ya mtungi, na yeye akabaki kwenye zamu yake. Mtu ana kipaji, na Serikali imemnyima pa kukionyesha.

3. Wagonjwa wanapona.

Hapa nitamtaja mtu mmoja tu, Bibi Sitara, muuza bizari wa Mtaa wa Nyamwezi. Bibi huyu alikuwa na kidonda mguuni kabla mimi sijaajiriwa. Kidonda kile nilikirithi kwa dresa aliyenitangulia, kama mtu anavyorithi shamba. Kila asubuhi nilikiosha na kukifunga kwa bandeji mpya, naye aliondoka bila neno, na kesho yake alirudi kikiwa wazi, kimejaa vumbi. Mimi nilijua kidonda hicho kitanifikisha kwenye pensheni.

Daktari akaniambia, "Bwana Tarsis, hebu mwulize mwenyewe bandeji zinakwenda wapi."

Nikamwuliza. Bibi Sitara akashangaa. "Kumbe ulikuwa hujui? Ninafungia bizari, mwanangu. Kitambaa chenu ni kizuri, na wateja wanakipenda."

Nikasema, "Bibi, mbona hukuniambia?"

Akasema, "Na wewe mbona hukuniuliza? Kila siku unaniambia kaa, nakaa. Unaniambia inuka, nainuka."

Dada Agnesi akampa matambara ya kufungia bizari, bandeji ikabaki mguuni, na kidonda kikapona. Bibi Sitara sasa anapita mbele ya dispensari akitembea kwa miguu yote miwili, anapunga mkono na kuendelea na safari zake. Hana tena sababu ya kuingia. Mimi nilimzoea yule bibi, Bwana. Hakuna aliyeniuliza kama nilikuwa tayari.

4. Hakasiriki hata akisaidiwa.

Nilipoona tunazama, nilizungumza na Mzee Awadhi tumsaidie Daktari apate kufoka, kwa faida yake mwenyewe. Tulidhani huenda sauti anayo ila hajapata sababu. Dada Agnesi tulipomshirikisha alisema, "Nyie watu wazima, hamna haya?" Tukaachana naye.

Kwanza nilichelewa kwa makusudi. Nilikaa kwa muuza kahawa mpaka jua likawa kali. Nilipofika nilimkuta Daktari amevaa aproni yangu, amepiga magoti mbele ya mtu aliyeteguka mguu, anamfunga bandeji, naye anaifunga vibaya, imekaa kama kilemba cha bwana harusi. Wagonjwa wanamcheka, na yeye anacheka nao. Aliponiona akasema, "Ah, Bwana Tarsis! Afadhali umekuja. Hawa wanasema mkono wangu mzito."

Hapo wagonjwa wakanigeukia mimi. Mama mmoja mwenye jipu la kwapa akanifokea, "Ulikuwa wapi wewe? Mwenzio anahangaika peke yake!" Bwana, angalia jinsi mambo yalivyopinduliwa. Kufoka kwa desturi hutoka juu kushuka chini. Siku ile kulitoka kwenye benchi.

Mara ya pili nilijikwaa. Kujikwaa huko nilikuwa nimekujaribu nyumbani mpaka nikakuweza. Nilikuwa na chupa nzima ya dawa ya zambarau, ile ya vidonda vya kinywa, na Daktari alikuwa amevaa koti jipya jeupe. Ilimwagika yote, kuanzia kifuani mpaka magotini, chupa ikapasuka chini. Mzee Awadhi alikuwa nyuma ya mlango, ameshika kofia yake kwa furaha. Daktari akatazama koti. Akanitazama mimi. Akavuta pumzi ndefu. Nikafumba macho nikasema moyoni, sasa.

Akasema, "Hukujikata na kigae?"

Nikamjibu sikujikata. Akasema, "Basi hakuna neno. Sarla kila siku ananiambia nyeupe hainipendezi." Akaendelea na kazi vile vile alivyo, na watoto ambao kwa kawaida hulia wakiona koti jeupe wakanyamaza, wakawa wanagombea kumshika. Jioni ile nilijikuta uani nalifua koti hilo kwa ndimu na sabuni ya mche, sikuamriwa na mtu, tena nafua kwa hasira. Doa halikutoka. Mpaka leo analivaa.

5. Ametuharibu kiasi kwamba hata asipokuwapo tunafanya kazi.

Bwana, hili ndilo lililonitia kalamu mkononi. Yote niliyotangulia kuyasema ningeweza kuyavumilia.

Utakumbuka siku uliyowaita wasimamizi wote ofisini kwako. Daktari alikwenda. Ufunguo wa kabati aliuacha kwenye msumari karibu na mlango, kama anavyofanya siku zote, kana kwamba dawa ni za kuwatibu watu. Mchana, lori lililokuwa likirudi nyuma Mtaa wa Kongo liligonga rundo la magunia ya chumvi. Magunia yakamwangukia hamali mmoja aitwaye Mshindo, na chuma cha lori kikampasua paja. Wenzake walimleta juu ya mkokoteni wake mwenyewe. Damu ilikuwa inaruka. Mimi ni mzoefu wa vidonda, lakini vyangu ni vile vya kukaa na kuzoeana. Sikuwahi kuona kidonda kinachokimbia.

Najua vizuri jinsi ambavyo tungefanya wakati wa Bwana Ignasi. Kila mmoja angesimama wima mahali pake akingoja amri, kabati likiwa limefungwa, na Mshindo angekufa kwa utaratibu mzuri kabisa. Wala hakuna ambaye angelaumiwa. Naomba neno hilo ulishike, Bwana. Hakuna ambaye angelaumiwa.

Lakini Dada Agnesi, ambaye siku hizi hata hangoji kuulizwa, alikuwa amekwisha kufungua kabati. Akanipigia kelele, "Bwana Tarsis, kaza juu ya jeraha! Mkanda, mkanda wako!" Nikavua mkanda, nikaupitisha juu ya paja, nikaukaza kwa goti, na pamba nikaishindilia kwa mikono yote miwili. Sasa kaptula zetu, kama unavyojua, Serikali hutupa za kipimo kimoja, na mimi ni mwembamba. Mkanda ulipotoka, kaptula nayo ikaanza safari. Nilikuwa na mikono miwili tu, na yote ilikuwa kwa Mshindo. Niliiacha iende. Yule mama wa jipu akasimama akavua kanga yake ya juu, akanifunga kiunoni. Kanga hiyo ilikuwa na maandishi ambayo siwezi kuyarudia kwa mkuu wa idara.

Mshindo akafungua macho. Akaniuliza, "Bwana Dawa, ndiyo ninakufa?"

Kwa amri ya zamani ningeweza kumwambia "Kaa!" lakini alikuwa amelala. Nikasema, "Hufi. Nitazame mimi. Una mtoto?"

Akasema, "Ninaye mmoja. Hajaanza kutembea."

"Anaitwa nani?"

"Bado tunamwita Kijino."

Nikamwambia, "Basi nieleze habari za Kijino, na usinyamaze mpaka nikwambie." Akaanza kunieleza, kwa sauti ndogo, jinsi mtoto anavyotambaa kinyumenyume kama kaa wa pwani. Mimi nakandamiza, yeye anaeleza, na machozi yananitoka, nadhani kwa ajili ya spiriti ya kusafishia vidonda.

Alihitaji kupelekwa hospitali kubwa upesi, nasi hatuna gari. Mzee Awadhi akatoka mbio, jambo ambalo hatujapata kuliona, akasimama katikati ya barabara na ufagio wake, akalizuia gari la kwanza lililotokea. Lilikuwa jeusi, linang'aa, na dereva amevaa kofia. Dereva akapiga kelele, "Mzee, una wazimu? Hili gari la Bwana Mganga Mkuu!"

Mzee Awadhi akamjibu, "Vizuri. Mganga ndiye tunayemtafuta."

Basi, kuhusu damu iliyoonekana kwenye kiti cha nyuma cha gari lako, Bwana, maelezo ndiyo hayo. Kuhusu wale kamba wa baharini waliokuwa garini, ambao Memsabu wako alikuwa amewaagiza sokoni, walikwenda hospitali pamoja na Mshindo, na baada ya hapo sina habari zao.

Mshindo hakufa. Amelazwa, na mguu wake upo. Mke wake alikuja na mtoto mgongoni kutushukuru, na tangu hapo mahamali wote wa soko wakiniona wananiita "Daktari!" kwa sauti kubwa. Siwezi tena kununua nyanya kwa utulivu. Nikipinga bei, muuzaji anaulizwa na watu haya yake iko wapi.

Daktari Indravadan aliporudi kutoka kwako akakuta damu sakafuni na mimi nimevaa kanga. Nilisema, leo ndiyo leo: kabati limefunguliwa, gari la mkuu limekamatwa, dresa hana kaptula. Hata malaika angefoka. Yeye akaketi nasi kwenye benchi akasema, "Nielezeni tangu mwanzo." Tukaeleza. Alipomaliza kusikiliza akasema, "Mngenisubiri mimi, angekufa." Akainuka. "Ahsanteni." Kisha akaingia chumba cha dawa akajifungia, na alipotoka macho yalikuwa mekundu. Dada Agnesi alipomwona akaanza kulia, na Mzee Awadhi akafuata. Ikanibidi niwabembeleze watu watatu kwa pamoja, kazi ambayo haimo kwenye mkataba wangu.

6. (au 7, maana pale juu nadhani nimeunganisha mawili) Ugonjwa huu unaambukiza.

Juzi nyumbani, bila kukusudia, nilimwambia mke wangu Josepha, "Mama, wewe unaonaje?" Akaweka mwiko chini. Akaniuliza, "Umekunywa?" Nikamwambia sikunywa. Akavuta kigoda akakaa. Bwana, kumbe na yeye alikuwa nayo maoni yake. Aliona kwamba nakoroma. Aliona kwamba shati langu la Jumapili limechakaa, na kwamba dada zangu wakija kutoka Kibosho wanakaa mno. Aliona pia kwamba anaweza kushona nguo za watoto na kuziuza, jambo alilolifikiria tangu tulipooana, na hakupata mahali pa kulisema. Sasa chumba kimejaa vitambaa, mke wangu anaimba tangu asubuhi, na wapangaji wenzangu wamenichagua mimi nikazungumze na mwenye nyumba habari za paa, ati kwa sababu najua kusikiliza watu. Sikuomba cheo hicho.

Kwa hayo yote, Bwana, naomba kwa unyenyekevu ufanye mojawapo ya mambo yafuatayo. Ama umhamishe Daktari Indravadan umpeleke mahali pasipo na watu, ambapo adabu yake haitamdhuru mtu. Ama umrudishe kwetu Bwana Ignasi, au mwingine yeyote mwenye kifua kipana. Ikiwa Serikali haina mtu wa namna hiyo kwa sasa, jambo ambalo siliamini, basi Daktari apelekwe kwa Bwana Ignasi akajifunze kufoka, aanze na kumfokea mtu mmoja, baadaye wawili, mpaka aiweze dispensari nzima. Sisi tutamvumilia akiwa mwanafunzi.

Naomba hatua ichukuliwe mapema, kabla sijaanza kuipenda kazi, maana dalili nimekwisha kuziona.

Msalimie sana Memsabu, na umpe pole ya kamba. Wasalimie makarani wote wa ofisini, hasa yule mwenye miwani ambaye hujibu barua zetu. Msalimie dereva wako, umwambie Mzee Awadhi anasema hana kinyongo naye. Hapa Dada Agnesi hajambo, Josepha hajambo, na hata Bibi Sitara hajambo, ndiyo taabu yenyewe.

Ndimi mtumishi wako, mtiifu kwa namna ya zamani,

Tarsis Kimario,
Dresa wa Vidonda.

Nyongeza: Bwana, naomba subira kidogo. Kwa sheria ya kazi, barua ya mtumishi kwenda kwa mkuu wa idara lazima ipitie kwa msimamizi wake, na jambo hilo nililisahau mpaka nilipokuwa naifunga. Basi ikanibidi nimpelekee Daktari Indravadan mwenyewe. Nilimpa nikasimama mlangoni, mguu mmoja nje.

Akaisoma yote. Penye kanga alicheka mpaka akavua miwani. Alisahihisha herufi mbili tatu. Alipofika mwisho akaniambia, "Bwana Tarsis, umeandika vizuri. Lakini hapa kwenye kufoka una haki. Labda ni kasoro yangu kweli. Ngoja nijaribu." Akatoka uani, akajiweka sawa, akafoka. Ilitoka sauti kama ya mbuzi aliyekwamwa na ganda la muhogo. Wagonjwa wote wakaja mbio na maji. Dada Agnesi akampigapiga mgongoni. Yule muuza vyungu, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akazimia kweli.

Daktari aliwaomba radhi wote, mmoja mmoja. Kisha akaketi, akaandika chini ya barua yangu maneno ambayo utayaona hapo, kwamba yote niliyosema ni kweli, na kwamba anaomba nipelekwe kozi ya utabibu, maana amechoka kuniona nikifunga vidonda tu. Nilimwambia barua hiyo inataka ahamishwe. Akasema, "Najua. Lakini hiyo ya kozi nilikuwa nataka kuiandika tangu zamani, nikawa sina karatasi."

Nimetoka nje nikakaa na Mzee Awadhi. Akasema, "Ukituma barua hiyo, mimi sikujui."

Bwana, mhuri umekwisha kupigwa, na karatasi ya Serikali haichanwi. Kwa hiyo naomba uisome kuanzia huku chini kwenda juu, na ukifika kwenye jina langu usimame hapo hapo, usiendelee. Kama umekwisha kuisoma kutoka juu, tafadhali isahau, isipokuwa ile sehemu ya kaptula. Kipimo changu ni kidogo.